Iwasheni Sunburst, na Msipunguze Sauti

Bendi ya Tanzania ninayoipenda kuliko zote iliacha albamu moja tu, na albamu hiyo ilirekodiwa Zambia. Jina lake ni Sunburst. Iliundwa Dar es Salaam mwaka 1970, ikashinda mashindano ya muziki nchini mwaka 1973, ikarekodi santuri ndogo Nairobi, kisha ikahamia Zambia, na huko mwaka 1976 ikatoa Ave Africa. Baada ya hapo ikanyamaza. Hapa Babati wako watu wanaoweza kukusimulia lini Muhidin Gurumo alitoka bendi ipi na kuingia ipi, na nani alikuwa anapiga solo siku hiyo, na katika hayo hawakosei. Ukiwatajia Sunburst wanakuuliza kama ni ya Kenya au ya Zaire.

Ni ya kwetu. Naandika makala haya nikitaka wasomaji wa Manyara, na wa kwingine, waitafute, waiwashe, na waisikilize kwa sauti ambayo muziki ule uliwekewa, yaani sauti ya juu. Na ninayo hoja: tumeurithi muziki wetu wa zamani ukiwa nusu. Nusu tuliyopewa ni tamu mno. Ni Nuta Jazz, ni Western Jazz, ni Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, ni Atomic na Jamhuri za Tanga. Redio ikitangaza kipindi cha zilipendwa, nusu hiyo ndiyo inayotoka, na hata mimi huacha ninachofanya nikasikiliza. Lakini miaka ile ile, katika mitaa ile ile, kulikuwa na vijana waliochomeka magita kwenye amplifaya wakaongeza sauti mpaka ikaanza kukwaruza, na walipoisikia inakwaruza wakafurahi. Hao hawamo katika kumbukumbu zetu.

Waliounda kikosi kilichorekodi ni wachache na majina yao yanafaa kuandikwa. James Mpungo aliimba. Hembi Flory Kongo, mtu aliyetoka Kongo, alipiga gita. Bashir Idi Farhan alishika besi, Kassim Magati akakaa kwenye kinanda, na nyuma yao kwenye drams alikuwepo mtu aliyejiita Johnny Rocks. Watu wa zamani waliwalinganisha na Osibisa, kundi la Waghana na watu wa visiwa vya Karibi waliokutana London mwaka 1969, na ulinganisho huo una maana: wote walichukua ngoma za nyumbani, roki, na soul, wakavipika pamoja. Ila Osibisa walikuwa London, kwenye studio za London na mameneja wa London. Sunburst walikuwa Dar es Salaam ya Azimio la Arusha.

Sikiliza “Banchikicha” uone ninachosema. Sikiliza “Simba Anguruma”, wimbo ambao jina lake linatekelezwa na vyombo vyenyewe. Dansi tuliyoizoea ina adabu ya zamu: magita yanapokezana, tarumbeta zinajibu, mwimbaji anamaliza shairi lake kabla ya mtu kumwingilia, na mwishoni kabisa ndipo chemko linapokuja. Kwa Sunburst chemko halingoji mwisho. Kinanda kinasukuma, gita linachana, drams zinawakimbiza wote wawili, na Mpungo anaimba kama mtu aliyepewa nafasi moja tu ya kusikika. Kuna Kiswahili, kuna Kiingereza, kuna sehemu ambako sauti ya mtu inakuwa chombo kingine tu kati ya vyombo. “Kipato Sina” jina lake tu linamweleza kijana yeyote wa leo anayeshinda kijiweni akingoja kibarua.

Jirani yangu ni fundi redio karibu na stendi. Nilimpelekea flashi yenye nyimbo hizo aichomeke kwenye spika yake kubwa, ile anayoiweka mlangoni kuvutia wateja. Alisikiliza kidogo, akazima, akainama kuangalia nyuma.

“Mwalimu, spika imepasuka hii.”

“Haijapasuka, fundi. Ndivyo gita lilivyopigwa.”

Hakuniamini. Akaweka wimbo mwingine wa bongo fleva, ukatoka safi. Akarudi kwa Sunburst, mkwaruzo ukarudi. Akasimama kimya hadi wimbo ulipokwisha, kisha akatoa hukumu yake: “Basi huyu bwana kaipasua mwenyewe, kwa makusudi.”

Fundi alikuwa amegusa chanzo chenyewe cha sauti hiyo. Mkwaruzo wa gita la roki ulianza na vifaa vibovu. Nchini Marekani, miaka ya 1950, wanamuziki walirekodi kwa amplifaya zilizoharibika njiani wakakuta ubovu ule unapendeza. Link Wray, mpiga gita wa Marekani, alitoboa spika zake ili apate sauti chafu aliyoitaka, na wimbo wake “Rumble” ukatoka mwaka 1958. Mwaka 1964, mwaka wa Muungano wetu, kijana wa London aitwaye Dave Davies wa bendi ya The Kinks alichukua wembe akaichana spika ya amplifaya yake, na mlio ule ukaipeleka bendi yake duniani kote. Kufikia 1962 kiwanda cha magita cha Gibson kilikuwa tayari kinauza kidude cha kukanyagia kwa mguu kilichotoa mkwaruzo huo bila kuharibu kitu, na mwaka 1965 Rolling Stones wakakitumia katika “Satisfaction”, ndipo kila mpiga gita akakitaka. Kwa hiyo mtu anaposikia spika iliyopasuka katika wimbo wa Sunburst, masikio yake ni mazima. Anasikia kile ambacho mpigaji alitaka asikie.

Na hapa ndipo napenda kuwageukia wale wanaosema muziki wa namna hii hauna asili kwetu. Kutoka Babati ukishuka kusini, ukapita Bereko, Kolo na Kondoa, unafika Dodoma, nchi ya Wagogo. Itazame vizuri ilimba ya Kigogo. Fundi wa ilimba, baada ya kupanga vyuma vyake na kuvisawazisha mpaka vikalia vizuri, hutoboa tundu kwenye mbao na kulifunika kwa utando wa buibui. Utando ule unatetemeka kila chuma kinapoguswa, na sauti iliyokuwa safi inapata mvumo, inapata kukwaruza. Fundi huyo angeweza kuiacha safi. Anaongeza ule uchafu kwa sababu bila huo chombo kinasikika kitupu. Hukwe Zawose, aliyefundisha Bagamoyo na kuuzungusha muziki wa Kigogo duniani hadi kifo chake mwaka 2003, alisifiwa na wageni kwa sauti hiyo hiyo. Kinshasa nako, kundi la Konono Nº1 liliunganisha likembe, ndugu wa ilimba, na spika za kuokoteza, na mkwaruzo uliotoka ukawa ndio muziki wenyewe. Sasa Hembi Flory Kongo, kijana wa Kongo aliyekuja kupiga gita Tanzania, akikanyaga kidude chake gita likavuma kama ilimba, ni nani wa kumwambia ameiga Wazungu?

Hao Wazungu nao walijifunza kwa nani? Kabla ya Elvis, alikuwepo Sister Rosetta Tharpe, mwanamke mweusi aliyelelewa kanisani, aliyesimama mbele ya waumini akapiga gita la umeme kwa namna ambayo vijana wote wa roki walikuja kuifuata. Mwaka 1944 alirekodi wimbo wa injili ambao wanahistoria wengi wanauweka kati ya nyimbo za kwanza za rokenroli. Mji wetu una makanisa mengi, na kwaya zenye vyombo vizito vinavyosikika mpaka ng’ambo ya ziwa. Waumini wanaoogopa gita linalokwaruza wangepaswa kumfahamu mama huyu, kwa sababu alikuwa wa kwao kabla hajawa wa mtu mwingine yeyote.

Historia ya siasa katika jambo hili ni nzito kidogo, na inaeleza kwa nini Sunburst walipotea. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge kama Rais wa Jamhuri, alitangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Katika hotuba ile alisikitika kwamba Watanganyika wengi walijua kucheza rumba, chachacha, rokenroli na twisti, huku wachache wakiijua gombesugu, mangala au lelemama. Rokenroli, basi, ilitajwa siku utamaduni wa taifa ulipozaliwa, na ilitajwa upande wa vitu vinavyotusahaulisha wenyewe. Nalielewa sikitiko lile. Nchi iliyotoka kutawaliwa ilikuwa na haki ya kuuliza ngoma zake ziko wapi. Lakini swali zuri likifika mikononi mwa watendaji hugeuka amri. Mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU uliendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana na mawigi, na mwishoni mwa mwaka huo huo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam.

Sunburst wanazaliwa mwaka unaofuata. Hebu fikiria ujasiri huo. Mji umetoka kukataza soul, na vijana wanaunda bendi yenye soul ndani yake, wanajipa jina la Kiingereza, wanavaa bugaluu na raizoni, wanafuga nywele. Hawakuwa peke yao. Ilikuwepo dunia nzima ya bendi za vijana zilizopiga bugi mchana wa Jumapili, kwa wanafunzi na vijana wa kazini ambao usiku walitakiwa kuwa nyumbani. Mwanamuziki John Kitime wa Kilimanjaro Band, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiandika historia hii, ametusaidia sana kuijua dunia hiyo. Anastahili shukrani nyingi kuliko anazopata. Wengi katika bendi hizo walikuja baadaye kuingia kwenye dansi ya kawaida. Patrick Balisidya wa Afro 70, mtoto wa Dodoma, alikaa katikati: dansi kwa mkono mmoja, gita la umeme lenye makucha kwa mkono mwingine. Mwaka 1979 alirekodi Bado Kijana na kundi la Archimedes huko Sweden, na ukiisikiliza leo utakubali kwamba mpaka kati ya dansi na roki ulikuwa mwembamba kuliko tulivyoambiwa.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba Sunburst walilijibu swali la Mwalimu Nyerere kwa vitendo. Waliulizwa ngoma ziko wapi, wakaziweka ndani ya roki. Waliulizwa lugha iko wapi, wakaimba Kiswahili. Walipoimba “Vijana”, waliimba kwa ajili ya watu waliokuwa wanakimbizwa barabarani kwa sababu ya upana wa suruali. Na nchi iliwasikia, angalau mara moja: ushindi wao wa 1973 haukutolewa London. Majaji walikuwa wa hapa, na vijana waliojaa kuwashangilia walikuwa wa hapa.

Kwa nini basi hawakubaki? Jibu liko katika mambo ya kawaida kabisa, ya fedha na mitambo. Bendi zilizodumu Tanzania katika miaka ile zilikuwa na mwenyewe. Nuta Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Polisi Jazz ya Polisi, na majeshi na mashirika ya umma yalikuwa na zao. Mwanamuziki alikuwa na mshahara, vyombo vilinunuliwa na taasisi, gari lilikuwepo. Bendi ya vijana isiyo na mwajiri ilitegemea kiingilio cha mlangoni na vyombo vya kuazima. Studio ya maana ilikuwa moja, ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na redio yenyewe ilikuwa ndiyo hiyo hiyo hadi vituo binafsi vilipoanza miaka ya 1990. Kilichorekodiwa na RTD kikapigwa na RTD kilibaki masikioni mwa watu kwa miaka ishirini; kisichorekodiwa huko ni kama hakikuimbwa. Kiwanda cha kutengeneza santuri hatukuwa nacho. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi, na Februari 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa.

Ndiyo maana njia ya Sunburst ina umbo lile: Dar es Salaam, Nairobi, Zambia. Na mimi mtu wa Babati siwezi kuitazama njia hiyo bila kuona mahali petu. Barabara kuu ya zamani kutoka Afrika Kusini kwenda Misri iliingia nchini Tunduma, ikapita Mbeya, Iringa, Dodoma na Kondoa, ikafika hapa chini ya Mlima Kwaraa, kando ya ziwa letu lenye viboko, kisha ikapanda Arusha na kutokea Nairobi kupitia Namanga. Upande mmoja wa barabara yetu kulikuwa na migodi ya shaba ya Zambia na bendi zake. Upande wa pili kulikuwa na studio za Nairobi. Musi-O-Tunya, waliokuwa wa mwanzo kabisa katika roki ya Zambia, walifanya kazi na kurekodi Nairobi. Sunburst walielekea upande wa Zambia. Wakati huo kipande chetu cha barabara kilikuwa vumbi na makorongo. Lami kutoka Dodoma hadi hapa ilizinduliwa na Rais John Magufuli mwaka 2018. Sisemi kwamba wanamuziki hao walilala Babati. Nasema kwamba muziki huu ulisafiri katika ukanda wetu, na kuuita wa mbali ni kuusahau ukanda huo.

Zambia ya wakati ule ilikuwa mahali pazuri pa kupiga kelele. Rais Kenneth Kaunda alitaka redio icheze kwa wingi muziki wa nyumbani, na vijana waliokulia kwenye miji ya shaba, wenye kipato kidogo cha migodini na hamu kubwa ya magita, walilijibu hitaji hilo kwa roki. Angalia tofauti: pande zote mbili za Tunduma wakubwa walitaka muziki wa nyumbani. Kwetu roki ilihesabiwa kuwa ya kigeni hata ikipigwa na mtoto wa Ilala. Kwao, ikipigwa na Mzambia ilikuwa ya Zambia. Ndivyo walivyopata WITCH, Amanaz, Ngozi Family na wengine wengi, na ndivyo Sunburst walivyopata mahali pa kurekodi albamu. Ilitoka mwaka ambao reli ya TAZARA ilikabidhiwa rasmi, wakati nchi hizi mbili zilikuwa karibu kuliko zilivyowahi kuwa.

Mafanikio hayo hayakudumu. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, vita vya ukombozi vikazunguka mipaka, fedha ya kununulia santuri ikakauka, na baadaye UKIMWI ukawachukua wanamuziki wengi wa kizazi kile. Kisa cha Emmanuel Chanda, mwimbaji wa WITCH aliyejulikana kwa jina la Jagari, kinawahusu kwa namna ya pekee watu wa mkoa huu. Bendi ilipokufa, Jagari aliishia kuchimba vito. Miaka mingi mtu aliyewahi kujaza viwanja alikuwa shimoni na tochi, akitafuta jiwe la kumtoa. Watu wa machimbo ya Mirerani hawahitaji kuelezwa maisha hayo. Wakusanyaji wa santuri wa Ulaya na Marekani walipoanza kutoa upya nyimbo zake, walimkuta huko. Mwaka 2019 ikatoka filamu kuhusu bendi yake, akarudi jukwaani akiwa mzee, na mwaka 2023 WITCH wakatoa albamu mpya, Zango. Naitaja habari hii kwa sababu inaonyesha kwamba bendi iliyosahaulika inaweza kupata haki yake mwenyewe akiwa hai.

Sunburst walipata kiasi cha haki hiyo mwaka 2016. Lebo ya Strut ya Uingereza ilikusanya Ave Africa pamoja na santuri ndogo na rekodi za kuanzia 1973, ikazitoa katika mkusanyiko mmoja wenye maelezo. Bila kazi hiyo mimi nisingekuwa na cha kumpelekea fundi redio. Nawashukuru kwa moyo wote. Lakini ukweli kwamba Mtanzania anaijua bendi iliyoshinda Tanzania kwa sababu watu wa London waliamua kuitafuta, huo unaniumiza, na sidhani uchungu huo ni wangu peke yangu. Shirika letu la utangazaji, TBC, ndilo mrithi wa maktaba ya kanda za RTD. Kanda hazikai milele. Unyevu wa Dar es Salaam hauna subira. Napenda kuona maktaba ile ikifunguliwa kwa utaratibu unaowalipa wanamuziki na warithi wao, na napenda kuona bendi za bugi zikitafutwa humo kwa makusudi, hata zile zilizorekodi nyimbo mbili tu. Napenda pia mikusanyiko kama ule wa Strut ifanywe na Watanzania, iandikwe kwa Kiswahili, na iuzwe kwa bei ambayo mtu wa Magugu au Galapo anaimudu.

Wapo watakaosema vijana wa sasa hawana haja na magita ya mwaka 1976. Mimi naona kinyume. Kijana anayesikiliza singeli hapa mjini, kwenye bodaboda iliyofungwa spika, ana masikio yaliyokomaa kwa kelele kuliko baba yake. Singeli ya Manzese na Tandale inakwenda kwa kasi ambayo ingemfanya mpiga drams wa miaka ya 1970 aweke chini fimbo zake, na sauti zake zimekwaruzwa, zimekatwa, zimekanyagwa bila huruma. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa studio moja ya Dar es Salaam, na ghafla wasikilizaji wa Ulaya wakawa wanashangaa kelele ya Kitanzania. Lebo hiyo hiyo mwaka 2020 ikawatoa Duma, vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, waliochanganya ukali wa metali na mashine hadi wimbo ukawa ukuta mtupu wa sauti. Duma ni wakali kuliko Sunburst mara mia. Sikuwapenda siku ya kwanza na sasa nawapenda sana. Mtu anayetaka kujua Sunburst wangekuwa wanafanya nini kama wangezaliwa mwaka 1995 anaweza kuanza na hao.

Kuhusu neno kelele, ambalo kila ninapoicheza bendi hii mtu mmoja lazima alitamke: naomba tulitumie kwa haki. Mji huu una kelele. Una mabasi ya Arusha, Singida na Dodoma yanayoita abiria kwa honi tangu alfajiri, una mnada, una mashine za kusaga, una vipaza sauti vya wauza dawa. Tunazivumilia zote kwa sababu kila moja ina kazi yake. Gita la Hembi nalo lina kazi. Linasema kile ambacho gita tulivu la mapenzi haliwezi kukisema: kwamba mtu ana umri wa miaka ishirini, amekatazwa nguo zake na muziki wake, hana kipato, na bado ana furaha kubwa isiyojua pa kukaa. Furaha ya namna hiyo ikipigwa kwa upole inakuwa uongo.

Kwa hiyo, kwa wenye baa za barabarani kuanzia Minjingu hadi Bonga: Jumapili saa kumi alasiri ndiyo saa ambayo muziki huu ulipigiwa. Wateja bado wachache, jua halijatua, watoto wanapita wakitoka kanisani na madarasani. Wekeni Sunburst saa hiyo, nusu saa tu. Kwa watangazaji wa redio za mkoani: kipindi cha zilipendwa kina nafasi ya wimbo mmoja kila wiki, na msikilizaji atakayepiga simu kulalamika muulizeni alikuwa wapi mwaka 1973, huenda mkapata mtu aliyekuwepo ukumbini, na hapo mtakuwa na kipindi kizima. Kwa walimu wa sekondari wanaofundisha Azimio la Arusha na miaka iliyofuata, “Vijana” ni ushahidi wa kihistoria kama gazeti lolote la wakati ule.

Na kwa msikilizaji wa kwanza, ushauri wangu ni huu. Usianze na simu. Spika yake ndogo inaiua besi ya Bashir Idi Farhan, na besi hiyo ndiyo inayoushikilia wimbo wakati wengine wote wamepagawa. Tafuta spika yenye kifua, hata ya kuazima. Anza na “Banchikicha”, kisha “Kipato Sina”, kisha “Simba Anguruma”, ndipo uirudie albamu ya Zambia tangu mwanzo bila kuruka. Fundi wangu wa stendi hufuata mpangilio huo huo. Siku hizi mteja akimwambia spika imepasuka, anaongeza sauti kwanza, halafu ndipo anamjibu.